Wanafunzi wa usanifu wakija Lamu, maksi atoe nani?

Msimu wa wanafunzi ukifika, Amu nzima, yaani mji wa Lamu, hujua. Utawakuta wameketi kwenye madaka, vile viti vya mawe vya mlangoni, mtaani Mkomani, daftari magotini, futi ya kupimia pembeni, wenzao wakipiga picha milango ya kuchonga mmoja baada ya mwingine. Wengi hutoka vyuo vya Nairobi, wengine Ulaya. Wanasomea usanifu majengo, michoro, mitindo ya nguo, ubunifu wa vifaa. Siku hizi walimu wao hawawatumi kuchora peke yake. Huwatuma na maswali ya jamii: mji wa kale na wanaouishi, plastiki baharini, mwanamke na nafasi yake hadharani, punda na mizigo, vijana na ukosefu wa kazi. Ni maswali mazuri, na mimi ni miongoni mwa wanaofurahi wakija.

Tatizo huanza wakishapanda boti kurudi Mokowe, gati la bara. Michoro hufika chuoni, hubandikwa ukutani, jopo la wahadhiri hukaa, mwanafunzi hujieleza kwa Kiingereza, maksi hutolewa, kwisha. Yule bibi aliyemfungulia mlango, akamkaribisha kwa kahawa na halua, akamwonyesha mpaka chumba cha ndani, hajui kama nyumba yake ilichorwa sawasawa. Hajui yeye mwenyewe alisemwaje. Nina hoja moja juu ya jambo hili: mradi wowote unaodai kuchunguza suala la jamii ya Lamu, sehemu ya maksi zake itolewe Lamu, na watu wa Lamu, kwa Kiswahili. Iwe sehemu nzito pia. Napendekeza theluthi nzima, ili anayeipuuza aone matokeo yake kwenye karatasi.

Tuanze na nyumba ya mawe, maana ndiyo inayochorwa kuliko kitu chochote hapa, hasa tangu UNESCO ilipouingiza Mji wa Kale katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ufundi wake mwanafunzi hodari huuelewa haraka. Kuta ni nene, za matumbawe na chokaa. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko ulionyooka hauzidi urefu fulani, upana wa chumba nao hukomea hapo, chini kidogo ya mita 3. Kinachobaki ni kukirefusha chumba upande wa pili. Ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, vimelala sambamba: kiwanda, yaani ua wa nyumba ulio wazi kwa juu, kisha msana, yaani ukumbi mrefu, kisha msana wa pili, kisha ndani, chumba cha mwisho. Kadiri unavyoingia, sakafu hupanda kipandio, na mgeni hupungukiwa na haki ya kuendelea. Mlangoni tekani, ule ukumbi mdogo wa kuingilia, hukunja kona ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani. Na huko ndani kabisa ukuta mzima umejaa zidaka, vishubaka vya plasta, safu juu ya safu, kazi ya mwashi aliyejua kupima kwa macho.

Yote haya hutoka vizuri kwenye karatasi. Nimeona michoro ya zidaka iliyonifanya nisimame niitazame kwa muda. Lakini suala la jamii waliloahidi kulichunguza liko wapi? Kwa kiasi kikubwa liko ghorofa ya chini. Katika nyumba kubwa za karne ya 18 na ya 19, wenye nyumba waliishi juu, na chini waliishi watumwa wa nyumbani pamoja na bidhaa za biashara. Ile faragha tunayoisifu, ya mwanamke wa kiungwana ambaye jua na macho ya watu havikumfikia, iliwezekana kwa sababu kulikuwa na mwanamke mwingine aliyekwenda kisimani na sokoni kwa niaba yake, naye hakuna aliyemjengea tekani. Utumwa uliondolewa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Wajukuu wa waliolala juu na wa waliolala chini wangali wanapishana katika njia hizi hizi, wanasali msikiti mmoja, wameoana.

Mwanafunzi anayeandika juu ya bango lake habari ya faragha na utamaduni wa Waswahili, kisha akakomea kwenye tekani na zidaka, ameacha nusu ya jambo. Wahadhiri wake hawatamuuliza, kwa kuwa kwa macho yao mchoro umekamilika. Hapa wapo watakaomuuliza. Wengine watauliza kwa upole, wengine watabishana wenyewe kwa wenyewe mbele yake, maana hili halizungumzwi kwa wepesi na wapo wasiotaka lizungumzwe kabisa. Mwanafunzi aliyekaa akausikiliza ubishi huo mpaka mwisho atarudi na mchoro tofauti. Atajua pia kipi cha kubandika ukutani na kipi cha kuacha, kwa sababu jina la ukoo likishatajwa vibaya mbele ya watu halirudishwi na msamaha wa barua pepe.

Huenda ukaniambia kwamba nawabebesha vijana mzigo wa serikali, kwamba ushirikishwaji wa umma ni habari ya bandari na viwanda. Nakubali kwamba Lamu imejifunzia somo hili kwenye miradi mikubwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za wavuvi na wakazi zilivunjwa katika ujenzi wa bandari ya Lamu, sehemu ya mradi mkubwa wa uchukuzi uitwao LAPSSET, na wavuvi zaidi ya 4,000 wakatakiwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, baraza la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa Kwasasi. Moja ya sababu kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya kutambulisha mradi, iliyofanywa kabla ya utafiti kukamilika, haikuhesabika kuwa ni kushauriana juu ya yaliyomo.

Sasa jiulize walioandika ripoti zile na kuchora ramani zile walitoka wapi. Walitoka vyuoni. Walifundishwa kupima kina cha maji na uzito wa zege, na bila shaka walifaulu. Sidhani kama kuna siku maksi zao zilitegemea jibu la mvuvi aliyeambiwa kwa lugha yake kitakachotokea mahali anapotega. Mazoea hujengwa mapema. Aliyezoea tangu mwaka wa pili chuoni kwamba mwenye mji ni wa kupigwa picha na kushukuriwa katika ukurasa wa mwisho, ataendelea hivyo atakapokabidhiwa mabilioni.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo sana: tandiko la punda.

Lamu mzigo ni wa punda. Saruji, mchanga, matofali, boriti, magunia ya mchele, vyote hushushwa kwenye majahazi na mashua pale ufukoni na kupanda mjini mgongoni mwake. Vidonda vya mgongo na vya kamba anavijua kila mtu, na kliniki ya The Donkey Sanctuary imekuwa hapa tangu 1987. Kwa hiyo ni mradi unaovutia: mwanafunzi abuni tandiko lenye godoro laini, masanduku mawili ubavuni, mikanda yenye vifungo, uzito ugawanyike sawa. Kwenye picha litapendeza, na jopo la mbali litampa maksi za juu kwa huruma na kwa ufundi.

Mpe kijana anayeswaga punda dakika chache na tandiko hilo. Swali lake la kwanza litakuwa: nitapita wapi? Kuna vichochoro ambavyo mtu na punda hawapishani mpaka mmoja ajibanze kwenye daka. Ongeza kiganja kimoja kila upande na punda huyo atakwaruza ukuta wa chokaa wa watu kutoka ufukoni mpaka mtaa wa Langoni. La pili: vifungo vingapi? Malipo ni ya safari. Kila kifungo ni muda, na jioni muda huo umekuwa safari nzima iliyopotea, kwa hiyo tandiko litavuliwa siku ya kwanza na gunia la zamani litarudi. La tatu ndilo zito zaidi: likilowa? Punda hupakiwa maji yakiwa yamejaa, miguu ndani ya bahari, na mzigo hutoka kwenye chombo ukichuruzika. Sponji inayonyonya maji ya chumvi ikakaa juu ya ngozi iliyochubuka itamuumiza mnyama kuliko gunia.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada. Mwanafunzi akiyasikia kabla ya kupewa maksi, atarudi mezani na kubuni kitu chembamba, chenye kufungwa kwa mkono mmoja, kisichoshika maji. Akiyasikia baada ya maksi hatabuni chochote. Atasikitika, ataandika vizuri juu ya masikitiko yake, atahitimu. Mpangilio wa mambo, nini kitangulie nini kifuate, ndio unaoamua kama punda atapona.

Kwamba fundi na msomi wanaweza kufanya kazi moja tumekwisha kuliona. Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, takriban tani 10, na kuvikwa vipande vya ndara karibu 30,000, lilishushwa majini hapa Lamu Septemba 2018. Mapema mwaka 2019 likasafiri kilomita 500 mpaka Zanzibar. Wazo lililetwa na Ben Morison, mtu wa biashara ya utalii. Chombo kiliundwa na Ali Skanda na mafundi wenzake. Ubao wa plastiki hauna nyuzi kama mti, na joto huulegeza. Kwa hiyo swali la kila siku lilikuwa lile analoliuliza fundi jahazi yeyote: je, utashika? Fundi alikuwa na haki ya kusema hapana, na hapana yake ikabadilisha kazi. Hicho ndicho ninachokitafuta katika miradi ya wanafunzi, mtu wa Lamu mwenye hapana inayohesabika.

Inanisumbua pia jinsi tunavyozungumza kana kwamba ubunifu huletwa Lamu kwa ndege. Muhammad Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati, mchonga milango na mtu wa muziki, yote katika maisha ya mtu mmoja wa mji huu. Watafiti wa Ulaya walimtegemea awanakilie tenzi kwa mkono wake, na hati nyingi alizowaandikia zimehifadhiwa London na Ujerumani. Mtoto wa Lamu anayetaka kuuona mwandiko wake kwa karibu anahitaji pasipoti. Sitaki michoro ya miaka hii nayo ielekee huko huko, kila mmoja kwenye kabati la chuo chake.

Nje ya kwetu kuna mifano miwili ambayo kila mwalimu wa usanifu anaijua. Msanifu wa Misri, Hassan Fathy, alianza mwaka 1945 kujenga kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor, kwa matofali ya udongo na makuba ya kupendeza mno. Alikuwa mtu wa nia njema na kipaji kikubwa. Wenyeji wa Gourna ya zamani, ambao riziki yao ilikuwa kwenye makaburi ya kale waliyoishi juu yake, hawakutaka kuhama, na kazi ikasimama kabla ya kumalizika. Upande mwingine ni Rural Studio ya Chuo Kikuu cha Auburn huko Alabama, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Samuel Mockbee na D. K. Ruth. Wanafunzi wake huishi katika kaunti maskini ya Hale na hujenga kwa mikono yao nyumba za watu wa huko. Tangu 2005 wamekuwa wakijaribu kubuni nyumba ya dola 20,000, kundi baada ya kundi, kila moja likisahihisha kazi ya lililotangulia. Anayejenga paa linalovuja huko hukutana na mwenye paa dukani. Vyuo vinavyokuja Lamu haviwezi kuhamia hapa, lakini vinaweza kuhakikisha kwamba kundi la mwaka huu linaanza kwa kusoma walichosema watu wa Lamu juu ya kundi la mwaka jana.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito linatuhusu sisi wenyewe. Mgeni hatumwambii kazi yake mbaya. Atauliza kama tandiko linafaa, nasi tutasema linafaa, mashallah, karibu tena. Jopo la namna hiyo litagawa maksi kama pipi na halitamfaa mtu. Dawa ninayoiona ni kwamba mwanafunzi asiwepo jopo linapoamua, na swali lisiwe kama kazi ni nzuri. Liwe: utakitumia? Ungekibadilisha nini? Wewe mwenyewe umesemwa kweli? Watu wanaokaa kimya mbele ya mgeni husema mengi akishatoka, hilo tunajuana.

Na nani akae kwenye jopo hilo? Hapa lazima tuwe wakali na nafsi zetu, kwa sababu kuna watu kadhaa ambao kila mtafiti hupelekwa kwao, na wamezoea kuisemea Lamu nzima. Mradi wa wanawake na nafasi ya hadhara usihukumiwe katika ukumbi ambao wanaume tisa wanazungumza na wanawake wawili wameketi nyuma. Wakutane wanawake peke yao, nyumbani kwa mmoja wao, mwanafunzi wa kike awasomee kazi kisha awaache. Mradi wa punda uende kwa waswagaji, wengi wao vijana wadogo ambao hakuna kamati iliyowahi kuwaalika. Wala Lamu haiishii Mkomani. Kuna Langoni na Wiyoni, kuna Matondoni kwenye mafundi wa majahazi, kuna Siyu na kazi zake za ngozi, kuna Faza, na bara kuna Mpeketoni na kuna Waboni wa vijiji vya msituni ambao mwanafunzi wa usanifu hawafikii kwa sababu hawana milango ya kuchonga.

Lugha nayo si jambo la kuongeza mwishoni. Bango la Kiingereza likibandikwa Ngomeni, kwenye ile ngome ya kale ya mjini, linawaeleza waliokwisha kueleweshwa. Mwanafunzi aandike Kiswahili chepesi, asome kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma, na mchoro wake uwe na jina la kila chumba kama wenye nyumba wanavyokiita. Asiyeijua lugha amlipe mtu wa hapa, na jina la mtu huyo liandikwe kwenye kazi.

Kwa wale wa mitindo na michoro kuna sheria ambayo naona haisomwi sana vyuoni. Tangu 2016 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni, inayotaka jamii iridhie kabla maarifa yake hayajatumiwa kibiashara. Ua la kofia ya mkono, lililotobolewa tundu moja moja na kuzungushiwa uzi na mtu aliyekaa nalo kwa wiki nyingi, huchukuliwa kwa picha moja ya simu na kuchapishwa kwenye mfuko wa kuuza. Mwanafunzi huita hilo msukumo. Mshonaji ana haki ya kuulizwa, na kama pesa zitapatikana, ana haki ya kuzihesabu pia.

Gharama si kubwa kama vyuo vitakavyodai. Fedha za safari za wanafunzi zipo tayari, kwa hiyo ziongezwe posho ya wanajopo, maana mtu anayeacha kazi yake kukusomeshea mwanafunzi anastahili kulipwa kama mtahini yeyote. Nakala ya kila mradi, kwa Kiswahili, iachwe Ngomeni chini ya uangalizi wa Makavazi ya Kitaifa, pamoja na maoni ya jopo yaliyoandikwa. Shule za Lamu zikaribishwe kuzisoma, kwa kuwa mtaala wa umilisi unawataka watoto wetu wafanye miradi yao, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuona wapi mwanafunzi wa chuo kikuu aliambiwa hapana na kwa nini. Vijana wanaojifunza kuchonga na kuunda vyombo waketi na wageni hao tangu siku ya kwanza ya kazi, meza moja, na majina yao yawe juu ya mchoro.

Ratiba nayo ifuate kalenda ya hapa. Isiwe Ramadhani, isiwe wiki ya Maulidi ambapo mji umefurika wageni wa Msikiti wa Riyadha na hakuna mwenye nafasi ya kukaa na karatasi za mtu. Isiwe katikati ya kusi, wakati kufika Faza na Kiwayu ni taabu na wanaoachwa nje huwa ni wale wale wa visiwani. Pepo zikilegea, kuanzia Septemba, vyombo vinakwenda na watu wanapatikana. Vyuo vingi huanza muhula mpya wakati huo huo, kwa hiyo anayetaka kuanza mwaka huu hana sababu ya kungoja.